Uzi maalumu: Kufunga na kupima taa za projekta, kwa tunaoendesha usiku Kigoma, Kasulu hadi Tabora

fundi_waya_mwanga

Habarini wakuu.

Nafanya umeme wa magari hapa Kigoma mjini. Siku hizi haipiti wiki bila mtu kuja na boksi mkononi, limeshuka na basi kutoka Dar, ndani kuna projekta mbili, anataka zifungwe leo leo kwa sababu alfajiri anaelekea Kasulu. Maelezo ni yaleyale kila mara, na mimi nimeinama chini ya boneti. Kwa hiyo nayaandika hapa, mtu akija namtumia uzi.

Ukali wa balbu ni jambo la pili. La kwanza ni mwanga unatua wapi.

Taa ya kawaida ina sahani kubwa ya kung'aa ndani, ndiyo tunaita rifleta. Ile sahani imepigiwa hesabu kiwandani kwa balbu ya aina moja, uzi wa balbu ukae pale pale. Projekta ina njia yake nyingine. Balbu inakaa ndani ya kikombe kirefu cha kung'aa, mwanga wote unakusanywa sehemu moja mbele yake, na pale pale panasimama kipande cha bati tunachokiita pazia. Mbele ya pazia kuna lenzi nene ya mviringo. Lenzi inageuza picha juu chini, ndiyo maana bati lililosimama chini ndilo linalokata mwanga wa juu barabarani. Ukimulika ukuta unaona mstari umekatika kama kwa wembe: chini mwanga, juu giza. Huo mstari nitauita mkato.

Zile zinazoitwa bai-zenoni (balbu ya gesi isiyo na uzi) au bai-LED (mwanga wa chipu) zina pazia linaloanguka. Ukiweka fulu (mwanga wa mbali), solenoidi, yaani sumaku ya umeme, inalivuta pazia chini na mwanga wote unatoka. Balbu ni ileile. Ukirudisha dimu (mwanga wa chini), unasikia "tak", pazia limesimama. Kama husikii, solenoidi haipati umeme au pazia limekwama.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawakuambii. Mkato wa dimu haujanyooka wote. Upande mmoja umepanda kidogo, kama ngazi moja. Sisi tunapita kushoto, kwa hiyo ngazi lazima iwe KUSHOTO, imulike ukingo wa barabara, baiskeli, watembea kwa miguu na mbuzi. Upande wa kulia unabaki chini ili usimpige anayekuja. Projekta zinazouzwa duniani nyingi zimetengenezwa kwa nchi zinazopita kulia: China, Marekani, karibu Ulaya yote. Ukifunga hizo huku kwetu, ngazi inakwenda kulia, moja kwa moja machoni mwa dereva mwenzako, na wewe mwenyewe ukingo wako unabaki giza. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Muulize muuzaji kabla hujatuma pesa: hii ni ya gari la usukani wa kulia, barabara ya kushoto? Akisema "zote sawa tu mkuu", tafuta mwingine.

Taa nzima yenye alama ya E ndani ya duara unaweza kuisoma mwenyewe. Simama mbele ya gari, uitazame taa. Ikiwa na mshale unaoelekea mkono wako wa kulia, ni ya kupita kushoto, ndiyo yetu. Mshale wenye vichwa viwili maana yake inafaa pande zote. Isiyo na mshale kabisa ni ya kupita kulia. Magari yetu mengi yametoka Japani, nao wanapita kushoto, kwa hiyo taa iliyokuja na gari huwa sawa. Balaa linaanza tunapobadilisha.

Kabla hujanunua chochote, pima volti kwenye soketi ya taa, injini ikiwa inawaka. Balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye uzi, ikipungukiwa umeme kwa asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Gari lina miaka ishirini, waya umechoka, ethi (waya unaorudi kwenye bodi) ina kutu, swichi ndani imeungua, halafu tunasema taa za kiwandani ni mbovu. Wapo wateja nimewafungia relei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme) na waya mpya kutoka betri, boksi lao wakarudi nalo nyumbani. Siyo biashara nzuri kwangu lakini ndiyo hivyo.

Maswali yaje.

kibirizi_landing

Nimekaa siti ya mbele, endelea fundi.

isevya_junction

Mwangaluka wakuu, nipo Tabora. Mimi nina Hiace, nilichomoa balbu za H4 nikachomeka LED za H4, dakika tano kazi imeisha. Inawaka balaa, naona mpaka juu ya miembe. Kwa nini niingie gharama ya kupasua taa niweke projekta ndani?

fundi_waya_mwanga

Mkuu umejijibu mwenyewe. Kuona juu ya miembe ndiyo tatizo. Kwenye miembe hakuna barabara.

Chukua balbu ya H4 ya halojeni uiangalie kwa makini. Ndani kuna nyuzi mbili, ya dimu na ya fulu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Hicho kikombe kinazuia mwanga usifike nusu ya chini ya rifleta, na hapo ndipo dimu inapata mkato wake. LED za kuchomeka zinajaribu kuiga hilo kwa kibati, lakini chipu ina upana wake na inakaa pembeni badala ya katikati. Ikihama milimita moja tu, mwanga unatawanyika. Unachokiona kama "balaa" ni mwanga mwingi mita chache mbele ya bampa na mwingi angani. Jicho lako likizoea ule mweupe wa karibu, kule mbali linaona giza zaidi. Jaribu usiku barabara ya Urambo, pima unamwona mtu wa baiskeli asiye na taa kwa umbali gani, kisha rudisha halojeni nzima yenye volti kamili uangalie tena.

Na wenzako wanaokuja mbele wanaumia. Zenoni ya wati 35 ya aina ya D2S inatoa takriban lumeni 3200 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). H4 yako upande wa dimu ni kama lumeni 1000. Ukiweka mara tatu ya mwanga ndani ya sahani isiyo na mkato, umefunga fulu ya kudumu. Ulaya taa ya dimu yenye chanzo kinachozidi lumeni 2000 inatakiwa iwe na mtambo wa kujisawazisha wenyewe na wa kuosha kioo. Huo mwanga hawauamini hata kwenye gari jipya, sembuse Hiace yenye abiria 18.

dereva_manyovu

Hapo kwenye kushoto na kulia nakazia. Sisi tunaokwenda mpakani tunalijua hili. Burundi wanapita kulia. Gari likishavuka, taa zako zilizo sawa hapa zinakuwa kero kule, na za kwao zinakuwa kero huku. Kuna kipindi mtu ananunua taa kutoka kwenye gari lililochinjwa upande wa pili, anaona ni Toyota ileile, anafunga. Inaingia vizuri tu, skrubu zote zinakaa. Usiku ndiyo utajua.

Swali: kuna projekta nimeona zina kijiti kidogo pembeni. Ni cha nini?

fundi_waya_mwanga

Hicho ni cha kubadilisha upande. Projekta za baadhi ya magari ya Ulaya zina kijiti hicho kwa wanaovuka mpaka. Ukikisogeza ile ngazi inalala au inahamia upande wa pili. Ukiipata yenye kijiti umepata mali. Ila usichonge pazia kwa msumeno ukidhani utaihamisha ngazi mwenyewe. Pazia linakaa pale mwanga unapokutana, kwa hiyo kila kovu la tupa unaliona barabarani limekuzwa.

kibirizi_landing

Fundi twende kwenye kufungua taa. Nina Probox, nimeambiwa inaingizwa kwenye oveni kama keki. Mke wangu kanikatalia.

fundi_waya_mwanga

Hahaha mke yuko sahihi, ile gundi inanuka.

Kwanza jiridhishe kama taa yako inafaa. Kioo cha nje kiwe kisafi, kisicho na michoro. Magari ya zamani yana kioo chenye mistari na viboksi, ile mistari ndiyo iliyokuwa inapanga mwanga. Ukiweka projekta nyuma yake, mkato unavurugika wote. Corolla za zamani na pikapu za miaka hiyo, ziacheni kama zilivyo, wekeni relei na balbu nzuri. Na kama kioo cha plastiki kimekuwa cha njano kwa jua, kisafishe kwanza ndiyo uamue. Kuna watu wananunua projekta kumbe walihitaji msasa wa maji na polishi.

Probox ni ya H4 na kioo chake ni safi, inafaa. Tafuta projekta ndogo zinazopita kwenye tundu la H4 lenyewe: zina mkia wenye uzi wa skrubu, unapenyeza kutokea mbele, nyuma unakaza na nati kubwa. Huchongi rifleta. Ukiona fundi ameshika msumeno wa pembe anaelekea kwenye taa yako, chukua gari uondoke.

Kufungua: ondoa skrubu zote na klipu za nyuma. ZOTE. Ile moja iliyojificha ndiyo inayopasua sikio la taa. Kisha joto. Gundi ya kiwandani ni butili nyeusi, aina ya mpira, inalainika kwenye nyuzi joto 100 na kitu. Oveni ikiwa haizidi 110, taa imelazwa juu ya ubao, isiguse chuma, dakika saba mpaka kumi, inatoka. Plastiki ya kioo cha nje ni polikaboneti, nayo inaanza kulegea karibu na nyuzi 147, kwa hiyo oveni isiyo na kipimo cha kueleweka usiitumie. Mimi natumia blowa ya moto, nazunguka ukingo polepole, naingiza bisibisi pana, nafungua kidogo, nazunguka tena. Inachukua muda lakini naona ninachofanya. Blowa ya saluni inaweza, ila utakaa mpaka Isha. Taa za magari mapya nyingine zimefungwa kwa gundi ngumu isiyolainika kwa joto. Hizo usizianze kabisa.

Ndani, rifleta imeshikwa na vichwa vya mviringo kama gololi vilivyoingia kwenye vikombe vya plastiki, ndivyo vinavyosukumwa na skrubu za kupimia, yaani za kurekebisha mwanga unatua wapi. Plastiki ya miaka ishirini imekauka. Ukivuta kwa nguvu inavunjika na hutaweza kupima taa tena. Fungua kwa kuzungusha skrubu mpaka mwisho, kisha toa taratibu. Usiguse sehemu ya kung'aa kwa kidole wala kitambaa. Ule mng'ao ni utando mwembamba sana, ukiufuta umeondoka.

Halafu hapa ndipo watu wanaharakisha: USIGUNDISHE bado. Weka projekta, kaza nati nusu, rudisha taa kwenye gari bila kioo cha nje, washa mbele ya ukuta. Mkato uwe umelala sawasawa na ardhi, taa zote mbili. Ukiwa umeinama, zungusha projekta kwenye tundu lake mpaka ulale, ndipo ukaze. Skrubu za kupimia zinapandisha, zinashusha, zinapeleka kushoto na kulia. Mkato uliolala upande haziwezi kuunyoosha. Ukishafunga kioo ndiyo ukagundua, unaanza upya na joto.

spana_kumi_tbr

Nami ni fundi, Tabora. Niongezee kwenye waya maana hapo ndipo vijana wanachoma magari.

Toyota nyingi hizi, soketi ya H4 pini ya pamoja, inayotumiwa na dimu na fulu, haina ethi kama wanavyodhani. Ina moto. Swichi ndiyo inakata ethi, ya dimu au ya fulu. Waya zinazokuja kwenye boksi zimetengenezwa kwa gari ambalo ethi iko pamoja na swichi inaleta moto. Ukichomeka kama ilivyo, dimu inaweza kuwaka, fulu haitaki, au ukiweka fulu kila kitu kinazima. Mtu anasema boksi ni bovu. Boksi ni zima, halikuambiwa tu linakwenda kwenye gari gani.

Pima kwa mita: washa taa, waya mweusi wa mita kwenye bodi, mwekundu kwenye kila pini. Ikiwa pini ileile moja ina volti 12 ukiwa dimu na ukiwa fulu, gari lako ni la kukata ethi.

fundi_waya_mwanga

Umenena fundi. Na dawa siyo ngumu. Koili ya relei, pini 85 na 86, haijali moto unaingia upande gani, mradi relei haina dayodi ndani (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu). Kwa hiyo 85 inapata moto wa pini ya pamoja, 86 inakwenda kwenye pini ya dimu inayokatwa ethi. Pini 30 inatoka betri moja kwa moja kupitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri, siyo karibu na taa. 87 inalisha balasti, kile kiboksi cha kuwashia zenoni. Solenoidi ya fulu inapata relei yake.

Kitu kingine kwenye H4: ukiweka fulu, gari linazima dimu. Kwenye halojeni ni sawa, ni nyuzi mbili. Kwenye bai-zenoni balbu ni moja, ikizimwa umebaki gizani mpaka iwake tena. Waya nzuri ina dayodi inayoiweka balbu hai kwenye dimu na kwenye fulu. Jaribu kabla hujaingia barabarani: cheza dimu-fulu mara kadhaa, mwanga usikatike hata kidogo.

Zenoni usiishike ikiwa inawaka. Kuwasha tu, balasti inarusha zaidi ya volti 20,000. Na usichanganye balasti: D2S inafanya kazi kwenye volti 85, D4S kwenye 42. Zinafanana sana kwa macho.

spana_kumi_tbr

Mimi siku hizi namshauri mteja achukue bai-LED. Hakuna balasti, hakuna volti za kutisha, inawaka papo hapo.

fundi_waya_mwanga

Sikupingi, ila LED inaogopa joto. Nyuma ina bati la kupoza na feni. Barabara zetu za vumbi jekundu feni inajaa, inakwama, chipu inaungua. Na ukikuta kifuniko cha mpira cha nyuma hakiingii kwa sababu feni imetokeza, watu wanakikata na kuacha wazi. Vumbi lote la Uvinza linahamia ndani ya taa. Tafuta kifuniko kirefu. Zenoni nzuri ya kiwandani iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari la Japani, bado naiamini kuliko LED mpya ya bei ya chini. Hapo tutabishana mpaka kesho.

Sasa tuje ukutani, ambako ndiko kazi ilipo.

Gari liwe tupu, dereva amekaa kwenye kiti, mafuta nusu tangi, tairi zote upepo sahihi. Litikise mbele na nyuma springi zitulie. Sogea mpaka karibu kabisa na ukuta. Weka alama za tepu ya karatasi: urefu wa katikati ya lenzi kutoka ardhini, na mstari wa wima mbele ya kila taa. Kisha rudi nyuma moja kwa moja, usikate usukani, mpaka mita 10 kutoka kwenye lenzi. Kama nafasi haitoshi, mita 5.

Kanuni: mkato ushuke asilimia 1. Mita 10 unashuka sentimita 10 chini ya alama yako. Mita 5 unashuka sentimita 5. Taa kwa taa, nyingine chomoa soketi. Usiifunike na tambara, itapata joto. Ile kona ambapo ngazi inaanza kupanda ikae kwenye mstari wa wima wa taa hiyo, au kushoto kidogo. Kamwe isivuke kwenda kulia.

Kwa nini asilimia 1? Tuseme lenzi iko sentimita 65 kutoka ardhini. Ukishusha asilimia 1, mkato unagusa barabara mita 65 mbele. Ukishusha asilimia 2 "ili nisiwasumbue watu", unagusa mita 32 tu. Ukiwa na spidi 80 unakwenda mita 22 kila sekunde. Mita 65 ni kama sekunde tatu. Mita 32 ni sekunde moja na nusu, hapo lori lililoharibika limewekewa matawi nyuma na wewe ndiyo unayaona matawi. Kwa hiyo kushusha mno nako ni kosa, na wanaoshusha mno wanajisifu barabara inang'aa. Inang'aa hapo chini ya pua.

isevya_junction

Ukuta wa mita 10 na sakafu iliyolala, Kigoma mtaupata wapi? Mji mzima ni mteremko kuelekea ziwani. Njooni Tabora, huku tambarare mpaka mtu anachoka.

fundi_waya_mwanga

Umetupiga penyewe. Lakini si lazima ardhi ilale. Mteremko ukiwa ni uleule kuanzia tairi za nyuma mpaka mguu wa ukuta, hesabu haibadiliki, kwa sababu gari limelala sambamba na ardhi hiyo. Kinachoharibu ni pale gari limesimama kwenye mteremko halafu mbele kidogo pamekuwa tambarare. Chukua ule mpira wa maji wa mafundi ujenzi, pima tairi ya nyuma na ya mbele zimetofautiana kiasi gani, kisha tairi ya mbele na mguu wa ukuta. Kushuka kwa kila mita kukiwa sawa, endelea. Kusipokuwa sawa, tafuta pengine. Yadi za magodauni na viwanja vya mpira wa kikapu vya shule huwa vinafaa, omba ruhusa jioni.

mama_dagaa_mwandiga

Shikamooni wenye shikamoo zenu. Fundi, mimi nina Probox ya mzigo. Taa nilipimiwa vizuri na fundi mwingine, mchana gari tupu kila mtu anasifia. Usiku nikipakia magunia kwenda Kasulu, kila gari linanipigia fulu. Nimeweka dimu! Mpaka nimeanza kuwajibu matusi.

fundi_waya_mwanga

Mama yangu, usiwatukane, wana haki, na fundi wako naye hana kosa.

Probox kutoka tairi ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 2.55. Magunia yakishusha mkia sentimita 5 tu, pua inainuka kwa karibu asilimia 2. Ile asilimia 1 uliyoshushiwa imekwisha na umepanda juu asilimia nyingine. Mita 50 mbele, mkato wako uko sentimita 113 hivi kutoka ardhini. Hapo ndipo macho ya mtu aliyekaa kwenye gari dogo yalipo. Na kwa kuwa projekta ina mkato mkali, hakuna kati na kati. Chini ya mstari mtu anapigwa na mwanga mzima. Kwenye halojeni ya zamani wasingelalamika sana.

Angalia upande wa kulia wa usukani chini. Magari mengi ya Japani yana kiduara cha kuzungusha chenye namba kuanzia 0. Hicho kinashusha taa. Gari tupu 0, mzigo unaongeza namba. Mafundi wengi wakifunga projekta hawarudishi ile mota ndogo nyuma ya taa, au wanakata soketi yake. Washa taa mbele ya ukuta, zungusha, uone mwanga unashuka. Usiposhuka, rudi kwake akurudishie.

mama_dagaa_mwandiga

Kipo! Miaka yote najua ni cha mwanga wa dashibodi. Nimekijaribu ukutani kwa jirani, upande mmoja unashuka, mwingine haushuki.

fundi_waya_mwanga

Basi mota ya upande mmoja haijachomekwa au imekufa. Siyo kazi kubwa. Kwa sasa punguza mzigo wa nyuma kabisa, magunia mazito yasogee nyuma ya viti vya mbele.

kijana_wa_gungu

Mimi nataka ile rangi ya buluu, 8000K, yaani kelvini 8000. Inapendeza.

spana_kumi_tbr

Inapendeza ukiwa umepaki. Kadiri rangi inavyokwenda kwenye buluu ndivyo mwanga wenyewe unavyopungua. Zenoni ya kiwandani ni 4300K, wenye viwanda wangeona 8000K inafaa wangeiweka. Kwenye vumbi na mvua ya huku, buluu inakurudia usoni.

kijana_wa_gungu

Na trafiki?

dereva_manyovu

Trafiki hana mita ya kupima kelvini. Ana macho. Akishalazimika kufumba, umesimama.

kibirizi_landing

Fundi swali la mwisho. Rafiki yangu alifungiwa, mvua ya kwanza tu taa imejaa maji ndani.

fundi_waya_mwanga

Alifungiwa kwa silikoni ya kawaida juu ya gundi ya zamani, nakisia. Toa gundi yote ya zamani kwenye mfereji au iongezee butili mpya, pasha joto, bana kwa klipu na skrubu zake. Silikoni inayonuka siki iacheni ya vyoo. Mvuke wake unakula ule utando wa kung'aa ndani, mwaka mmoja rifleta imekuwa ya kijivu. Kisha mwagilia maji kabla hujairudisha kwenye gari.

Halafu taa ina matundu ya kupumulia, yamevalishwa kofia ndogo za mpira. Usiyazibe. Taa ikipata joto hewa inatanuka, ikipoa inavuta. Ukiziba matundu itavutia hewa kwenye gundi, na unyevu utaingia usipate pa kutokea. Ukungu kidogo asubuhi unaoondoka ukiwasha taa ni kawaida. Maji yanayocheza chini ya taa siyo kawaida.

kibirizi_landing

Nimekuelewa. Nakuja Jumamosi asubuhi.

fundi_waya_mwanga

Asubuhi njoo tufungue, lakini ukutani tutakwenda giza likiingia, mchana mkato hauonekani vizuri. Usipakie kitu. Jaza upepo tairi zote nne kabla hujafika, compressa ya jirani yangu haiaminiki. Na boksi usilifungue njiani, nataka nione kwanza ngazi ya pazia iko upande gani. Ikiwa ya kulia unalirudisha likiwa bado jipya.